Bi. Filomena Msimbe na Goti la Pikapu Ndefu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Filomena Msimbe atakabidhi funguo za magari ya Ushirika wa Viungo Mlimani, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na miwili. Funguo hizo amezifunga kwenye kipande cha gome la mdalasini, kwa hiyo atakayezipokea atanukia vizuri hata kama hajui kuendesha. Hilo la pili ndilo linalotutia wasiwasi.

Alizaliwa Matombo na akaajiriwa nasi Machi 1993 kama mpima mizani. Katika miaka ile alikuwa akimtazama mkulima anavyotembea na gunia la karafuu, anataja uzito wake kabla gunia halijatua chini. Wakulima kadhaa walijifunza kuhema na kuyumba ili magunia yao yaonekane mazito. Aliwapa pole, akawapa maji, kisha akawatajia uzito uleule.

Udereva aliupata kwa njia isiyo rasmi. Dereva wa wakati huo alipenda sana harusi, na Jumamosi moja ya mwaka 1996 hakuonekana kazini. Lori lilikuwa uani, limejaa karafuu, na wingu zito lilikuwa linashuka kutoka Uluguru. Bi. Filomena alipanda, akaliwasha, akaliingiza ghalani bila kugonga chochote isipokuwa kiti cha meneja. Uongozi ulipima mambo mawili, kiti na karafuu, ukaamua apelekwe kujifunza udereva. Mwaka 2009 akawa msimamizi wa usafiri na karakana yetu ya Msamvu, Morogoro, cheo alichonacho hadi leo.

Ni vyema tuseme kweli: Bi. Filomena si mtu wa kunyenyekea. Akirekebisha breki, mtaa mzima unapata taarifa. Ukimsifu, anakusaidia kutafuta maneno. Lakini barabara ya kwenda Matombo inamjua kwa jambo lingine. Katika miaka yake yote ya udereva, isipokuwa siku moja tutakayoisimulia, hakuwahi kumpita mtu aliyesimama kando ya njia na mzigo. Bibi mwenye kikapu, padri mwenye pancha, mganga mwenye mbuzi, wote walipata lifti. Mbuzi alikaa nyuma.

Hata hivyo, jina lake litakumbukwa zaidi kwa goti, na inafaa wafanyakazi wapya waelezwe habari hiyo kwa ukamilifu, kwa kuwa wengi wanaisikia vipandevipande wakati wa chai.

Mwaka 2023 Ushirika uliamua kuinua pikapu yake. Mawe ya barabara ya Matombo yalikuwa yameikwangua tumbo mpaka kobe angeihurumia. Ikawekewa springi ndefu na matairi makubwa. Ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa ndefu kiasi kwamba Bw. Godlisten, meneja wetu, alihitaji kigoda ili aingie, naye ni mtu wa heshima asiyependa kuonekana juu ya kigoda. Siku ya kwanza aliizunguka akijifanya anakagua matairi, mpaka uani pakawa hapana mtu, ndipo akapanda.

Tatizo likawa tela. Kwa wasiofahamu, nyuma ya gari la kukokota kuna tundu la mraba la chuma. Humo huingizwa chuma chenye kichwa cha mviringo, ambacho karakana yetu hukiita kitunguu, na juu ya kitunguu hukaa kikombe cha mdomo wa tela. Gari likiinuliwa, kitunguu nacho kinapanda, lakini tela halina habari, limebaki chini kama zamani. Dawa yake ni chuma kilichopinda kushuka chini kabla ya kufika kwenye kitunguu. Chuma hicho ndicho tunachokiita goti.

Sisi hatukuwa na goti. Safari ya kwanza tela lilifungwa hivyohivyo, limejaa mikungu ya ndizi, mdomo juu kama kuku anayemeza maji. Ndizi zote ziliteleza kuelekea nyuma, mdomo ukawa mwepesi, tela likaanza kuyumba kulia na kushoto. Kwenye mteremko wa kuingia Bigwa mikungu ilishuka mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama abiria waliofika kwao. Bi. Filomena aliposimama, lilikuwa limebaki tela na turubai. Wakazi wa pale walikula ndizi wiki nzima, na baadhi yao bado huuliza tela lile litapita tena lini.

Tungecheka na kusahau, lakini mwezi Oktoba ilifika mashine ya kukaushia viungo. Mfadhili aliitoa kwa ajili ya Matombo, kwa sharti kwamba iwe imefika huko kabla ya tarehe 17 Novemba. Ikishindikana ingepelekwa kwa wakulima wa karanga wa Gairo, ambao nao waliihitaji na barabara yao ni ya lami. Mashine ilikuwa ndefu mno kukaa kwenye bodi ya pikapu. Lori lisingeweza, kwa sababu daraja la magogo la kuingilia kijijini halibebi lori. Njia ilikuwa moja tu: tela nyuma ya pikapu ndefu.

Kwa Bi. Filomena jambo hili halikuwa la ofisi peke yake. Matombo huanika karafuu kwenye mikeka. Vuli ikianza, kila wingu likipita kijiji kizima kinaikimbilia mikeka, na karafuu iliyolowa huota ukungu, mnunuzi akaigeuzageuza kwa kidole na kuondoka. Yeye mwenyewe alikua akikimbia hivyo. Mama yake mdogo, Bi. Raya, bado anakimbia, na magoti yake hayataki tena. Kwa hiyo Bi. Filomena alikwenda sokoni Matombo, akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza: “Mashine itafika. Isipofika, nikipita hapa msinisalimie!” Kwa mtu wa kwao, hiyo si ahadi ndogo. Mtu anaweza kuishi bila karafuu, lakini si bila salamu.

Bw. Dadi, mtunza ghala wetu, ambaye ni mwenyeji wa Gairo, alifurahia sana taarifa hizo. Kila asubuhi alipita karibu na mashine, akaipapasa, akasema kwa sauti ya kusikika: “Vumilia, mama, karanga zinakuja.”

Jumanne, tarehe 7 Novemba, Bi. Filomena alianza kupima, na kanuni yake aliieleza mbele yetu sote, tuliotaka na tusiotaka. Weka gari mahali tambarare. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa tundu la mraba. Kisha lisimamishe tela likiwa sawasawa, lisiiname mbele wala nyuma, upime kutoka ardhini hadi kwenye kikombe. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo urefu wa goti. Alikataa kabisa goti la kuchomelewa mtaani. “Goti la kuungwa ni la mgonjwa, si la gari,” alisema. Alitaka la kiwandani, ambalo uzito linaoweza kuuvuta umepigwa mhuri kwenye chuma chenyewe, na kitunguu chenye ukubwa uleule wa kikombe. Alionya pia kwamba goti likiwa refu mno linapata mkazo mkubwa zaidi, kwa hiyo mtu asinunue refu kwa ajili ya sifa.

Yote hayo yalikuwa sahihi. Kosa lilitokana na chai.

Tangu pikapu ile inunuliwe, wafanyakazi wa Ushirika hunywa chai ya saa nne wakiwa wamekaa kwenye mlango wake wa nyuma ulioshushwa. Ina kivuli, ina upepo, na inatazama lango, kwa hiyo hakuna mgeni anayeingia bila kujadiliwa. Baada ya gari kuinuliwa hatukuacha desturi hiyo, tuliongeza ngazi. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa hapo Bw. Godlisten, Bw. Dadi na Bi. Judith, mtunza fedha wetu, ambaye Mungu hakumnyima mwili. Walitaka kushuka ili kipimo kichukuliwe. Bi. Filomena, akiwa chini ya gari na futi mkononi, aliwazuia: “Kaeni, kaeni! Nyinyi kunyweni chai yenu. Mimi napima chuma, sipimi makalio.”

Goti liliagizwa Dar es Salaam kwa kipimo hicho, likafika kwa basi, zuri, zito, lenye mhuri. Bi. Filomena alilifunga mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote. Tela likapandishwa kwenye kitunguu. Mdomo ukainuka juu. Haukuinuka kama mwanzo, lakini upana wa kiganja ulikuwepo, na kuku alikuwa bado anakunywa maji.

Kila mtu alitoa maoni. Wapo waliomlaumu muuza duka, wapo waliolaumu futi, na Bw. Godlisten alihisi matairi yamejazwa upepo kupita kiasi. Bi. Filomena alipima upya mpaka futi ikachoka kurudi kwenye kasha lake. Kipimo cha pikapu kilikuwa kimebadilika, na yeye hakujua kwa nini.

“Mama Filo,” Bw. Dadi alimwambia, “hii mashine imeshaanza kunuka karanga.”

“Dadi, mwanangu, nenda kanywe chai kabla sijakufunga wewe badala ya goti.”

Wakaenda kunywa chai, wote watatu, mahali pao pa siku zote. Alipanda Bw. Dadi, springi zikanong’ona. Akapanda Bw. Godlisten, zikalalamika. Alipopanda Bi. Judith na kikombe chake, mkia wa pikapu ulishuka taratibu, na mdomo wa tela ukashuka nao mpaka ukatulia sawasawa na ardhi. Chupa ya maji ambayo Bi. Filomena alikuwa ameilaza ndani ya tela ili imwonyeshe kama limekaa sawa iliacha kubingirika.

“Msishuke!” Bi. Filomena alipiga kelele. “Hapohapo! Goti limepimwa pamoja na nyinyi!”

Hapo ndipo tulipoelewa. Goti lilikuwa sahihi kabisa kwa pikapu iliyobeba meneja, mtunza ghala na mtunza fedha wakinywa chai. Kununua jingine hakukuwezekana, muda ulikuwa umekwisha. Lakini Bi. Filomena hakukata tamaa, kwa sababu alijua jambo ambalo siku ya kupima alilisahau: tela lenyewe likipakiwa vizuri, mzigo mzito ukakaa mbele kidogo ya magurudumu yake, mdomo hukandamiza mkia wa gari. Akaipakia mashine hivyo, akaweka chupa yake ya maji, akafanya hesabu kwa jicho la mizani. “Mdomo unabeba Dadi mmoja,” alisema. “Bado nahitaji Godlisten na Judith.”

Saruji ya kujengea msingi wa mashine ilikuwa ghalani ikisubiri kwenda Matombo. Bi. Filomena alitaka kuwapima wahusika kwenye mizani ya karafuu ili mifuko ilingane nao. Bw. Godlisten alikubali kwa ajili ya maendeleo. Bi. Judith alikataa, akapimwa kwa macho, na kipimo kilipotamkwa alikataa zaidi. Mifuko ilipakiwa kwenye mkia wa pikapu, nayo ikaandikwa kwa chaki, mingine Godlisten, mingine Judith, ili wapakuaji wasichanganye.

Alhamisi, tarehe 16 Novemba, asubuhi, pikapu iliondoka na tela ambalo Bi. Filomena alikuwa amelikagua likiwa limenyooka kama meza. Bw. Dadi alikaa mbele kama shahidi wa makabidhiano. Kila mara aligeuka kutazama nyuma, na sababu tulikuja kuijua baadaye. Bi. Judith alikuwa amemfuata ghalani mapema. “Sitembezwi Kiroka nikiwa mfuko,” alimwambia. “Nishushe.” Bw. Dadi alimshusha. Wakati Bi. Filomena akiaga ofisini, mifuko yote ya Judith ilirudi ghalani, na turubai ikafunikwa juu ya Godlisten peke yake. Bw. Dadi hudai kwamba hakuwa na nia ya kuisaidia Gairo, ila tu alimwogopa Bi. Judith. Sisi tunaomfahamu Bi. Judith tunaiamini sababu hiyo.

Safari ile ilikuwa na sharti moja gumu: hakuna lifti. Mtu mmoja akipanda, hesabu inaharibika. Bi. Filomena alitoka Bigwa akitazama mbele tu, shingo imekakamaa, huku watu wakimpungia. Wengine walimrushia maneno. “Filomena, umekuwa waziri?” “Tupite tu, mama, sisi ni miti!” Kiroka, kando ya njia, alikuwa amesimama Bi. Raya mwenyewe, mama yake mdogo, na gunia miguuni. Bi. Filomena alimwona. Bw. Dadi anasema alifumba jicho la upande ule, akapita.

Mita chache mbele, kwenye kona ya kwanza ya mteremko, tela lilianza kutikisa mkia. Kulia, kushoto, kisha kulia zaidi. Kando ya barabara palikuwa na bonde, na chini ya bonde palikuwa na mto. Bi. Filomena hakukanyaga breki kwa hofu. Aliachia mafuta taratibu, akashika usukani bila kubishana nao, mpaka gari likasimama lenyewe. Akashuka, akatazama chupa ya maji, akaikuta imebingirika hadi nyuma kabisa. Akafunua turubai.

“Dadi.”

“Naam, mama.”

“Judith yuko wapi?”

“Judith… amebaki kazini.”

Aliyosema Bi. Filomena kwa dakika chache zilizofuata yalikuwa kwa Kiluguru, na Bw. Dadi anashukuru kwamba hakuyaelewa yote. Kurudi Morogoro kulimaanisha kugeuza tela kwenye barabara nyembamba, wingu likiwa limeshakaa juu ya milima na mfadhili akisubiri Matombo. Kwenda mbele hakukuwezekana, tela jepesi mdomo lingewaangusha. Ndipo mtu ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kumnyima mtu lifti alipolazimika kurudi kwa miguu, kumwendea yule aliyemnyima.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba.” Bi. Raya hakumtazama. “Nani mwenzangu? Sauti naifahamu, ila mwenye sauti nimeona amepita.”

“Mama mdogo, nisamehe. Naomba upande.”

“Mimi nangoja gari la wenye adabu.”

“Gunia lako lina nini?”

“Karanga. Za Gairo. Za mbegu. Kwani unataka na kuninyang’anya?”

Bi. Filomena alilipima gunia kwa macho, akampima na mama yake mdogo. “Wewe na gunia lako hamumfikii Judith,” alisema kwa huzuni. Bi. Raya, ambaye hakumjua Judith ni nani, alikasirika upya, akasema yeye amewafikia wengi na kuwazidi.

Mwafaka ulipatikana kwa masharti ya Bi. Raya. Yeye angekaa mbele, kwenye kiti, mlango wa kwake ukifunguliwa na kufungwa na mtoto wa dada yake. Bw. Dadi, aliyesababisha yote, angekwenda nyuma kabisa ya bodi, amekumbatia gunia. Dadi pamoja na karanga wangekuwa Judith. Walipokaa, Bi. Filomena alirudisha chupa ya maji mahali pake, akaitazama. Ikatulia. Wakashuka mteremko wote wa Kiroka, wakapita Mkuyuni, tela likifuata kama mbuzi aliyeshiba, na Bw. Dadi, mwana wa Gairo, akiipeleka mashine Matombo kwa kuzikumbatia karanga za kwao.

Walifika kabla ya Alasiri. Mfadhili aliuliza mtu aliyejaa vumbi la saruji kule nyuma ni nani, Bi. Filomena akajibu bila kusita: “Huyo ni kipimo.”

Mifuko ya Godlisten ilijengea msingi. Mpaka leo wenyeji wakimsalimia meneja wetu humwambia kwamba mashine inakaa juu yake vizuri. Bi. Filomena alirudi, akapima upya gari likiwa tupu, akahesabu na mkandamizo wa mdomo, akaagiza goti la pili lenye kipimo halali. Tangu hapo tela letu limepanda Uluguru mara nyingi bila kubeba mfanyakazi hata mmoja wa saruji. Kwenye ukuta wa karakana aliandika kwa rangi nyekundu: PIMA KABLA YA CHAI.

Desemba ile, siku mashine ilipojazwa kwa mara ya kwanza, Bi. Filomena alikuwa Matombo. Karafuu ya kijiji ilikuwa kwenye trei, feni zinavuma. Mchana wingu likashuka ghafla, mvua ikapiga mabati. Akina mama wote walisimama kwa mazoea, kila mmoja mguu mmoja mbele, tayari kukimbia. Kisha wakatazamana. Hapakuwa na mkeka hata mmoja nje. Bi. Raya ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa tena. Akanyoosha miguu, akaiangalia mvua inavyonyesha uani, akasema, “Nyesha, mwanangu, nyesha upendavyo.” Bi. Filomena, mwanamke wa kelele kuliko wote tunaowafahamu, alikaa karibu naye, na walioshuhudia wanasema hakusema neno mpaka mvua ikakatika.

Bi. Filomena, Ushirika unakushukuru kwa lori uliloliingiza ghalani, kwa njia ulizozifungua, na kwa wote uliowabeba, wakiwemo walionung’unika. Unarudi Matombo kwenye pilipili manga zako na watu wako, nao wanakusalimia. Mungu akupe afya, akupe miaka mingi ya kukaa kwa raha, na akupe majirani wanaoweza kustahimili sauti yako. Sisi tutaizoea kimya kimya karakana isiyo na wewe. Enenda salama, mama yetu, ukaishi vyema.